Chungu si kali

Jumamosi iliyopita, Shangani ya Mtwara, nilimpa kijana mmoja glasi ya bia niliyoipika mwenyewe. Akapiga funda moja, akakunja uso, akairudisha mezani taratibu. "Dada, hii kali mno. Nikiimaliza siwezi kuendesha pikipiki." Kisha akavuta kikombe chake cha uraka, pombe ya mabibo ya mkorosho, cha nne kwa hesabu yangu, akakimaliza, akala pweza wake, akawasha pikipiki akaenda zake Mikindani gizani.

Bia ile ina kilevi asilimia 4.2. Uraka ule ulitoka kwa bibi mmoja wa Naliendele, na ndoo ile niliipima mwenyewe tangu juisi ilipokamuliwa: asilimia 5.

Nilifanya kazi miaka 9 kwenye maabara ya kiwanda cha bia Dar es Salaam, na tangu nirudi nyumbani Mtwara napika yangu kwa sufuria kubwa, lita 20 kila mara. Katika miaka yote hiyo hakuna kauli niliyoisikia mara nyingi kama hii: bia chungu ndiyo kali. Wanywaji wanaisema, wahudumu wanaisema, hata wenye baa wanamwambia mteja "hii usiiguse kama hujala". Safari hii imenichosha, kwa sababu yule kijana alifanya uamuzi wa barabarani kwa kuusikiliza ulimi wake, na ulimi wake ulimdanganya.

Kilevi kinatokana na sukari. Kimea kinatoa sukari, hamira inaila, inaacha kilevi na gesi. Basi. Ukitaka bia kali, ongeza kimea. Uchungu unatokana na hopsi, ambayo haiongezi kilevi cha maana. Ni maua ya kike ya mmea unaotambaa, na ndani yake kuna unga wa njano unaonata vidoleni. Ndiyo, ni ukoo mmoja na bangi. Hapana, haileweshi kama bangi. Swali hilo nimelijibu vya kutosha.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Unga ule wa njano una asidi ambazo zikiwa mbichi haziyeyuki vizuri na uchungu wake ni mdogo. Ni moto unaozigeuza. Nikichukua gramu 55 za hopsi aina ya Cascade yenye asidi hizo asilimia 6, nikazichemsha saa nzima kwenye lita 20, napata uchungu wa kama vipimo 38, na kipimo kimoja ni takriban miligramu moja ya asidi iliyogeuzwa kwa lita. Nikichukua gramu zilezile 55, nikazitupia sufuriani zikiwa zimebaki dakika 5 nizime jiko, napata vipimo 7 au 8 tu, na nyumba nzima inanukia maganda ya balungi. Kimea kilekile, hamira ileile, kilevi kilekile asilimia 4.2. Moja inakunja uso, nyingine inateleza. Ipi kali? Hakuna iliyo kali kuliko mwenzake.

Mifano ya dukani ipo pia. Pilsner Urquell, inayopikwa mji wa Plzeň huko Cheki tangu 1842, ina kilevi asilimia 4.4. Kilimanjaro yetu ina 4.5. Ya Wacheki ndiyo nyepesi kwa kilevi, na uchungu wake ni wa kukaa kooni mpaka umalize sentensi. Kwenye Kilimanjaro uchungu huo huupati hata ukiutafuta. Konyagi ina asilimia 35 na haijawahi kuona ua la hopsi.

Nadhani lugha ina sehemu yake katika mkanganyiko huu, na sisemi hivyo kwa kuilaumu, maana naipenda. Kali ni neno lenye kazi nyingi: jua kali, pilipili kali, mbwa mkali, kisu kikali, dawa kali. Chochote kinachoushtua mwili ni kali. Halafu tumelelewa na mwarobaini: mtoto akikataa anaambiwa uchungu ndio unaotibu. Kwa hiyo mtu akionja uchungu anasikia nguvu.

Lakini Kiswahili hichohicho kina maneno ambayo maabara walitufundisha kwa wiki nzima, nami nilikuja nayo kutoka nyumbani. Chungu. Chachu. Ukakasi. Yule bibi wa Naliendele nilimpelekea chupa ya bia yangu mwezi uliopita. Hakuwahi kuonja bia ya hopsi nyingi maishani. Alimimina kidogo kwenye kifuu, akanusa, akaibugia na kuizungusha mdomoni, akatema pembeni kama mtu wa kazi. "Haina ukakasi. Uchachu hamna. Ni uchungu mtupu, na uchungu wenyewe unatoka nyuma ya ulimi." Kisha akaongeza, "Mwanangu, hii hailevyi kama yangu." Hakuwa na kipimo chochote zaidi ya miaka yake ya kukamua mabibo, na alikuwa sahihi.

Ukakasi niuseme vizuri kwa sababu watu wa huku tunaufahamu kuliko wengi. Tafuna bibo bichi: ulimi unakauka, mashavu yanavutwa kwa ndani, koo linakuwa kama limepakwa vumbi. Huo si uchungu. Uchungu ni ladha. Ukakasi ni mguso. Tanini za bibo zinashikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi wake, mdomo unakwaruza. Ndiyo maana uraka uliokamuliwa ovyo unakauka mdomoni hata ukiwa mtamu. Nimejaribu kuupunguza kwa uji mwepesi wa mchele: unatia kikombe kimoja kwenye juisi, unakoroga, unaacha, tanini zinashikana na uji, zinashuka chini kama matope, juu inabaki juisi safi ya rangi ya chai ya rangi. Hopsi nayo ina tanini zake, na mpishi akizidisha maua au akiyaacha kwenye bia kwa wiki nyingi, bia inaanza kukwaruza kama bibo. Mnywaji akiionja bia hiyo anasema "chungu mno". Si uchungu. Ni ukakasi, na kosa ni la mpishi, si la mtindo wa bia.

Naulizwa pia kwa nini hopsi tusiipande Newala kwenye baridi. Baridi si tatizo peke yake. Mmea huu unahesabu mwanga. Unataka siku ndefu za kiangazi ili ukue kwanza, ndipo zinapofupika utoe maua. Hallertau, Ujerumani, mwezi wa sita siku ina mwanga wa karibu saa 16. Sisi tuko nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Tofauti ya siku yetu ndefu kabisa na fupi kabisa ni saa moja na dakika chache. Afrika Kusini, upande wa George, walilazimika kuzalisha aina zao zinazovumilia siku fupi. Kwa hiyo hopsi yangu inakuja kwa mzigo, imesagwa na kushindiliwa kama chakula cha kuku, na naiweka kwenye friza kama samaki.

Ninazozipenda? Bia za Cascade, aina iliyotolewa Marekani mwaka 1972, kwa sababu harufu yake ya balungi inakaa vizuri na pweza wa kuchoma na ndimu. Sierra Nevada Pale Ale ndiyo iliyonifundisha. Ina asilimia 5.6. Citra inanikumbusha embe, na si ndoto: mafuta yanayoitwa mirseni yamo kwenye hopsi na yamo kwenye embe pia. Kwa bia ya kunywa jua likizama Msimbati nataka Saaz, ile ya Wacheki, uchungu safi usio na kelele. Kwa nyumbani kwangu napika ya kilevi kidogo na hopsi za kutosha, kwa sababu Mtwara joto lipo na mtu anataka glasi mbili bila kuyumba.

Na tafadhali, wahudumu. Swali la "ya baridi au ya moto?" kwa bia ya hopsi lina jibu moja. Joto linaua harufu kwanza, uchungu baadaye. Chupa iliyokaa miezi kwenye duka la bati imebaki uchungu wa mti mkavu. Ikitoka kwenye friji, iacheni dakika kumi mezani, maana baridi kali nayo inaua ulimi. Na chupa za kijani msizipange juani. Mwanga unavunja asidi za hopsi, na ndani ya muda mfupi bia inanuka kicheche. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Kreti kivulini, basi.

Kuna jambo ambalo vitabu vinalipita haraka. Vile vipimo 38 nilivyovitaja ni hesabu ya karatasi. Ulimi hausomi karatasi. Kimea kikizidi utamu, 38 inahisiwa kama 25. Kwenye bia zilizotiwa hopsi nyingi baada ya kupoa, mashine ya maabara inahesabu na vitu visivyo vichungu sana, namba inapaa bure. Na mimi mwenyewe, bia ileile kutoka ndoo ileile, nimewahi kuiandikia alama tofauti siku mbili mfululizo, mara moja baada ya kula ng'onda wa chumvi, mara moja kabla ya chakula. Kwa hiyo mtu akiniambia bia yangu ni chungu kupita kiasi, sibishani naye. Mdomo ni wake. Nabishana naye akisema ni kali. Hilo ni suala la kipimo, na kwenye chupa limeandikwa.

Kazi ya kweli ya hopsi, ile inayonifanya niiheshimu, ni ulinzi. Asidi zake zinawazuia bakteria wanaochachusha. Tembo la mnazi la asubuhi ni asali, jioni limechangamka, kesho yake ni siki. Uraka nao ni hivyohivyo. Bia inakaa miezi. Basi wiki mbili zilizopita nilichukua lita 10 za uraka wa yule bibi, nikazigawa madumu mawili. Dumu moja nililiacha kama lilivyo. La pili nilitia maji ya hopsi: gramu 5 zilizochemshwa saa nzima kwenye nusu lita, zikachujwa. Siku ya nne la kwanza lilikuwa limechachuka, halinyweki. La pili lilikuwa bado na harufu ya bibo, na uchungu mwepesi ulioukata utamu vizuri kuliko nilivyotarajia. Siku ya saba likaanza kunuka siki. Nilikuwa nimelifunika kwa kitambaa tu, na bakteria wa siki hawajali hopsi; wanachotaka ni hewa. Bibi alipoonja hakuongea kwa muda, akaniuliza kama hayo maua yanaweza kupatikana kabla msimu wa korosho haujaisha.

Nimemwachia gramu 50. Safari hii madumu yote mawili yana vifuniko vyenye mpira wa kutolea gesi, na Alhamisi naenda Naliendele kupima.