Maradhi ya Mishipa Midogo ya Ubongo: Maana Yake na Yanavyoonekana Katika Picha

Maradhi ya mishipa midogo ya ubongo ni jina la pamoja la uharibifu unaoipata mishipa myembamba kabisa ya damu, ile inayochipuka kutoka mishipa mikubwa na kupenya hadi ndani ya ubongo. Mingi kati ya mishipa hiyo haifiki nusu milimita kwa upana. Kuta zake zikikakamaa na kunenepa, njia ya damu hubana, na mshipa unaweza kuziba au kupasuka. Kwa hiyo mshipa wa aina moja huweza kuleta kiharusi cha kukosa damu kwa mtu mmoja na kiharusi cha kuvuja damu kwa mwingine. Inakadiriwa kwamba takriban robo ya viharusi vya kukosa damu hutokana na mishipa hii midogo. Pamoja na hayo, sehemu kubwa ya madhara yake haiji kwa kishindo cha kiharusi, bali hujikusanya kimyakimya kwa miaka.

Jina hili nilikutana nalo mara ya kwanza katika karatasi ya majibu ya bibi yetu wa Wete, Pemba, aliyevushwa kwenda Unguja kupigwa picha ya ubongo. Bibi alikuwa msusi wa ukili, ule utepe wa majani unaoshonwa kuwa mkeka. Vidole vyake havikusahau kusuka, lakini alianza kuchelewa: alikuwa akiushika mwaa na kuutazama kwa muda kabla ya kujua uingie wapi, na akisemeshwa katikati ya kazi alilazimika kufumua na kuanza upya. Hatua zake zilikuwa fupi, na miguu haikunyanyuka vyema kutoka sakafuni. Sote tulisema ni uzee. Majibu yalipokuja, yakitaja mishipa midogo na alama za viharusi vya zamani, mjomba alimuuliza daktari: “Kiharusi gani hicho, daktari, na mama yetu hajaanguka hata siku moja?”

Swali la mjomba ndilo lililo katikati ya dhana hii, na ili kulijibu inafaa kufahamu jambo moja ambalo aghalabu halielezwi: picha ya kawaida ya ubongo haiionyeshi mishipa midogo yenyewe. Ni myembamba mno kwa mashine nyingi za hospitali. Kinachoonekana ni athari iliyobaki katika nyama ya ubongo baada ya mishipa hiyo kushindwa kazi yake, na mtaalamu anayesoma picha huikisia hali ya mshipa kutokana na athari hiyo. Anayekaa katika nyumba ya mwisho wa laini ya maji atalielewa hili kwa wepesi. Presha ya bomba ikishuka, nyumba za mwanzo bado zinapata maji, na ya mwisho ndiyo inayokauka kwanza. Bomba limefukiwa chini wala halionekani, lakini bustani iliyonyauka inaeleza hali yake. Mishipa inayopenya ndani ya ubongo huishia peke yake, bila jirani wa karibu wa kuisaidia ikiziba, na ndiyo maana sehemu za ndani kabisa hudhurika mapema.

Athari ya kwanza kujulikana ni vitundu, ambavyo madaktari huviita lakuna. Mwaka 1901 daktari Pierre Marie wa Paris alivieleza kwa kirefu baada ya kuvikuta katika ubongo wa wazee waliokwisha kufariki. Katika miaka ya 1960, C. Miller Fisher wa Boston aliukata ubongo wa maiti vipande vyembamba sana, kimoja baada ya kingine, akaufuata kila mshipa mdogo hadi mahali ulipoziba. Alionyesha kwamba kitundu kile ni kovu la kiharusi kidogo, na kwamba ukuta wa mshipa uliopeleka damu hapo ulikuwa umeharibika, hasa kwa waliokuwa na presha ya damu. Kazi hiyo naiheshimu sana, kwa sababu karibu kila kinachosomwa leo katika picha ya mtu aliye hai kinasimama juu ya subira ya watu waliochunguza viungo vya wafu.

Kuuona ubongo wa mtu hai bila kuufungua kulianza kuwezekana tarehe 1 Oktoba 1971, mgonjwa wa kwanza alipopigwa picha ya CT katika hospitali ya Atkinson Morley, London, kwa mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 Hounsfield alishiriki Tuzo ya Nobel na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye hesabu zake za mwanzo kuhusu jambo hilo alizifanyia Cape Town. CT hutumia eksirei kutoka pande nyingi, na kompyuta huziunganisha. Ubora wake mkubwa ni kasi: damu iliyotoka karibuni huonekana nyeupe mara moja, na hilo ni lazima lijulikane kabla mgonjwa wa kiharusi hajapewa dawa ya kuyeyusha bonge la damu, dawa ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zilipoanza. Hapa natoa neno kwa wenzangu wa visiwani. Mgonjwa akipooza upande, wengi wetu hufikiri kwanza upepo mbaya, na saa hizo zinaishia nyumbani. Dua inasomeka hata ndani ya gari inayokwenda hospitali.

Udhaifu wa CT ni kwamba kiharusi kidogo cha kukosa damu huweza kisionekane kabisa katika saa za mwanzo. MRI, inayotumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio badala ya eksirei, huona zaidi kwa sababu inafuatilia maji yaliyomo ndani ya nyama ya mwili. Upo mpangilio wake mmoja unaopima namna maji yanavyotembea, na katika picha hizo sehemu iliyokosa damu karibuni hung'aa mapema, nyingi zikionekana ndani ya saa moja au mbili. Kwa njia hiyo kiharusi cha leo kinatenganishwa na kovu la mwaka juzi.

Kwa miaka mingi watafiti waliita alama hizi majina tofauti, kiasi kwamba matokeo ya nchi moja hayakuweza kulinganishwa na ya nyingine. Mwaka 2013 kundi la kimataifa lililoongozwa na Joanna Wardlaw wa Chuo Kikuu cha Edinburgh lilikubaliana juu ya istilahi na vipimo, na makubaliano hayo yakahuishwa mwaka 2023. Humo lakuna ni kitundu cha mviringo chenye maji, cha milimita 3 hadi 15. Vinjia vya maji vinavyouzunguka mshipa ni vya kawaida kwa kila mtu, ila vikitanuka na kuwa vingi vinahesabiwa kuwa ni alama. Vidoa vyeusi vya damu iliyovuja kidogo, vingi vya milimita 2 hadi 5, huonekana tu kwa mipangilio maalumu ya MRI inayohisi chuma kilichobaki baada ya damu kuvunjika. Mahali vilipo pana maana: vikiwa ndani sana vinaelekeza kwenye presha ya damu, vikiwa pembezoni tu vinaweza kuelekeza kwenye utando wa protini unaojikusanya katika kuta za mishipa ya wazee.

Alama inayotajwa zaidi katika karatasi za majibu, na inayowatia watu khofu bila maelezo, ni mabaka meupe. Hupatikana katika sehemu nyeupe ya ubongo, yaani zile nyuzi ndefu zinazounganisha eneo moja na jingine, na katika picha za MRI huonekana meupe kwa sababu nyuzi hizo zimeathirika na maji yameongezeka humo. Kipimo cha Fazekas, kinachotumika tangu 1987, huyapa daraja kuanzia 0 hadi 3. Daraja la 1 kwa mzee ni jambo la kawaida sana. La 3, ambapo mabaka yameungana na kuwa eneo pana, linataka kufuatiliwa. Hapo ndipo nilipoufahamu ukili wa bibi. Nyuzi zikiharibika, maarifa hayafutiki, bali mawasiliano huchelewa: mtu hukumbuka akipewa kidokezo, ila hupata tabu kupanga hatua, kuhama kutoka jambo hadi jambo, na kuufuatisha mwendo wa miguu. Wengine hupoteza hamu ya mambo, au hubanwa na mkojo ghafla, na jamaa wakaona ni ukaidi. Maradhi haya yamo pia katika sehemu kubwa ya demensia za uzeeni, yaani kupungukiwa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, mara nyingi yakiwa pamoja na maradhi ya Alzheimer.

Utafiti wa picha umekwenda mbele zaidi ya kuhesabu alama. Kundi la Edinburgh, kwa kutumia dawa ya rangi inayodungwa kwenye damu, limeonyesha kwamba kuta za mishipa hii hupitisha vitu kuingia katika ubongo zaidi ya kawaida, hivyo kuziba si njia pekee ya madhara. Mashine za MRI za tesla 7 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) zinaanza kuionyesha baadhi ya mishipa yenyewe, ingawa hospitali nyingi duniani zinatumia za tesla 1.5 au 3. Nchini Uholanzi, katika mji wa Nijmegen, watu 503 wenye alama hizi waliingizwa katika utafiti mwaka 2006 na wakafuatiliwa kwa picha za kurudiwa. Ilidhihirika kwamba mabaka huongezeka kwa kasi zaidi kadiri yanavyokuwa mengi, lakini pia kwamba kwa baadhi ya watu yalipungua kati ya picha moja na nyingine, jambo ambalo zamani halikutarajiwa, kwani baka lilidhaniwa kuwa ni kovu la kudumu.

Kuhusu tiba, ushahidi ulio wazi zaidi unaihusu presha. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, watu 449 walipigwa MRI mwanzoni na tena baada ya takriban miaka 4. Waliotibiwa ili namba ya juu ya presha iwe chini ya 120 walipata ongezeko la mabaka la sentimita za ujazo 0.92, na waliolengwa chini ya 140 walipata 1.45. Tofauti ni ndogo, na ujazo wa ubongo mzima ulipungua zaidi kidogo kwa lile kundi la kwanza, kwa hiyo si haki kusema kwamba vidonge huurudisha ubongo ulivyokuwa. Lengo la kila mgonjwa hupangwa na daktari wake, kwa sababu presha ikishushwa mno kwa mzee dhaifu anaweza kuanguka.

Picha moja peke yake haisemi mabaka yanaongezeka, yametulia au yanapungua. Hilo hujulikana kwa kuilinganisha na iliyotangulia. Daktari aliyemsomea bibi alituomba tusiitupe ile filamu wala karatasi yake. Mjomba aliinyanyua dirishani, akatuonyesha kwa kidole vitundu viwili karibu na katikati, kisha akaitia katika mkoba wa bibi pamoja na kadi yake ya presha.