"Sihitaji kibali" na uongo mwingine kuhusu chumba cha darini Uingereza

Nimechoka kusikia sentensi moja: "Halmashauri wameshaniandikia kwamba dari yangu haihitaji kibali, wewe nichoree tu ramani ya kumpa fundi." Barua anayo kweli, na ina muhuri. Ila imejibu swali jingine kabisa.

Vibali ni viwili. (Nazungumzia England, Scotland wana sheria zao.) Kibali cha mipango kinahusu jinsi nyumba itakavyoonekana na itakavyomgusa jirani. Hapo sheria ni laini: nyumba zilizoshikana mstarini zinaruhusiwa kuongeza hadi mita za ujazo 40 kwenye paa, na nyumba iliyosimama peke yake au iliyoshikana na moja tu hadi 50, mradi usipite kimo cha paa lililopo wala usitokeze upande wa mbele unaotazama barabara, pamoja na masharti mengine machache. Fleti hazimo. Barua yako inasema hayo, basi.

Kibali cha pili ni idhini ya kanuni za ujenzi, zinazohusu usalama wa jengo lenyewe. Hizo ni sheria nyingine, na hazina msamaha wa mita za ujazo. Ukigeuza dari kuwa chumba cha kuishi unahitaji idhini, hata kama kwa nje hakijaguswa kigae kimoja. Aliyejenga Dar es Salaam, ambako ramani za msanifu na za mhandisi hupelekwa pamoja kuombewa kibali cha ujenzi, namwelewa akichanganya. Lakini nayasikia hayo hayo kwa waliozaliwa Leicester.

Mkaguzi wa ujenzi anaanza na sakafu. Zile mbao unazozikuta darini ziliwekwa kushikilia dari ya chumba cha chini pamoja na masanduku mawili matatu. Kwa kawaida huhesabiwa kubeba kilonyutoni (kipimo cha mzigo) 0.25 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya chumba cha kulala huhesabiwa 1.5, yaani mara sita. Ndiyo maana tunaweka mbao mpya kando ya zile za zamani, zikibebwa na mihimili ya chuma iliyokaa kwenye kuta imara. Niliwahi kuingia nyumba ambayo fundi alipigilia sakafu moja kwa moja juu ya mbao za zamani, kisha akakata nguzo za paa zilizokuwa zikimzuia kupita. Chumba cha chini kilikuwa na ufa uliotoka kwenye taa hadi juu ya mlango, na mwenye nyumba alikuwa ameuziba kwa rangi. Naye alikuwa na barua.

Baada ya sakafu ni moto, na hapa ndipo tunapogombana. Nyumba ya ghorofa moja, yaani yenye vyumba chini na juu, ikipata chumba darini, sakafu mpya huwa zaidi ya mita 4.5 kutoka ardhini. Hapo dirisha la kwenye paa si njia ya kutokea tena, hata kama mwanao anajua kupanda minazi. Njia ni ngazi, na ngazi yote, kutoka darini hadi mlango wa nje, izungukwe na kuta zinazohimili moto dakika 30. Milango ya vyumba vinavyofungukia ngazini iwe ya kuzuia moto, angalau dakika 20. Ving'ora vya moshi viwe kila ghorofa, vya umeme wa nyumba na vilivyounganishwa, kimoja kikilia vyote vilie. Aliyebomoa ukuta wa sebule ngazi ikashukia kwenye makochi, basi ajiandae kuujenga upya au kugharimia mfumo wa kunyunyiza maji. Milango nunueni ya dakika 30 moja kwa moja. Bei haipishani sana, na usiniletee habari ya rangi ya kuzuia moto juu ya mlango mwembamba wa miaka ya sabini.

"Nitaiita stoo." Iite utakavyo. Stoo yenye ngazi ya kudumu, dirisha, redieta na soketi sita ni chumba.

"Dari lazima ifike mita 2.3." Hapana. Kanuni haziweki kimo cha chini cha chumba. Kinachopimwa ni nafasi ya kichwa juu ya ngazi: mita 2, na darini, pakibana, hukubaliwa 1.9 katikati ya ngazi na 1.8 pembeni. Hata hivyo, kama kutoka juu ya mbao za sasa hadi kileleni mwa paa hupati mita 2.2, mimi nakushauri uache, kwa sababu sakafu mpya na vizuia joto vitakula iliyobaki.

"Ikipita miaka minne umepona." Hiyo ilikuwa ya kibali cha mipango, na tangu Aprili 2024 nayo imekuwa 10. Kwa kanuni za ujenzi, tangu Oktoba 2023 halmashauri ina miaka 10 baada ya kazi kukamilika ya kukuamuru ubomoe au urekebishe. Wakili wa mnunuzi yeye hana ukomo. Ataomba cheti cha ukamilishaji wa kazi hata baada ya miaka 20. Unaweza kuomba cheti cha kuhalalisha kazi iliyofanyika tangu Novemba 11, 1985, lakini mkaguzi atataka kuona kilichofunikwa, na jipsamu itapasuliwa kwa gharama yako.

"Fundi atashughulikia." Mwenye nyumba naye anabanwa, kwa hiyo shughulika. Peleka ramani kamili zipitishwe kabla ya kazi, usianze kwa taarifa ya ujenzi tu (kuwajulisha kwamba unaanza, bila ramani kupitishwa) ukitegemea mkaguzi aseme njiani. Na malipo ya mwisho ya fundi yakae benki mpaka cheti cha ukamilishaji kiwe mkononi mwako.

Jirani kukubali kwa mdomo hakutoshi pia. Boriti ikiingia kwenye ukuta wenu wa pamoja, sheria ya mwaka 1996 inataka notisi ya maandishi miezi miwili kabla.