Kwa nini mwanafunzi anayejua vina na mizani bado hukosa alama za ushairi?

Kila ninaposahihisha karatasi za ushairi nakutana na mwanafunzi yule yule. Ameandika kwamba shairi ni tarbia (kila ubeti una mistari, yaani mishororo, minne), lina vina (sauti zinazofanana mwishoni mwa vipande vya mishororo) na mizani (hesabu ya silabi), lina inkisari (neno lililofupishwa), lina swali la balagha (lisilotarajia jibu). Yote ni kweli, kisha insha inaishia hapo. Ametaja viungo vyote vya pilau, ila sufuria haijabandikwa.

Tuchukue ubeti huu, nilioutunga kwa ajili ya somo:

Mama kaamka mbio, jogoo bado kuwika,
Ndoo kichwani anayo, bombani ameshafika,
Maji hayapo kwa leo, bomba nalo mekauka,
Nani ajua kilio, cha mama aliyechoka?

Anza kwa kuusoma kwa sauti, hata mara tatu. Mashairi yetu ya jadi yalitungwa yaimbwe au yaghaniwe, na sikio hunasa mengi ambayo jicho huyaruka. Kisha hesabu mizani kwa vidole: Ma-ma-ka-a-m-ka-mbi-o, nane. Wengi hupata saba kwa kuimeza ile “m” ya “kaamka”. Hiyo ni silabi kamili, inatamkwa peke yake. “Mb” ya “mbio” inaegemea irabu inayoifuata. Ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, mizani nane; utao, nusu ya pili, mizani nane; vina vya kati vinaishia kwa irabu “o”, vya mwisho ni “ka”, mishororo minne. Umbo limekwisha, na lisikuchukue zaidi ya dakika tano.

Sasa weka istilahi kando uulize maswali ya kawaida kabisa. Nani anasema? Si mama, kwa sababu anatajwa katika nafsi ya tatu. Ni mtu anayemtazama, pengine mtoto wake. Ni saa ngapi? Hata jogoo hajawika, kwa hiyo huyu mama amemtangulia yule ambaye kazi yake ni kuamsha wengine. Shairi linaanza kwa “mbio” na linaisha kwa “aliyechoka”. Safari yote ya ubeti imo kati ya maneno hayo mawili. Na tazama neno “kilio”. Mama halii popote katika ubeti huu. Amekuja, amekuta bomba kavu, basi. Kilio chake hakina sauti, na ndiyo maana nafsineni, yaani yule anayesema ndani ya shairi, anauliza nani anakijua. Mimi hapo ndipo ninapoona moyo wa shairi.

Ukishaona hilo, insha unayo. Liandike kwa sentensi moja, kwa mfano: “Mshairi anaonyesha kwamba taabu ya mama haionekani kwa sababu mama mwenyewe hailalamikii.” Hiyo ndiyo itakayobeba insha nzima. Kila aya ilete ushahidi wake, na mbinu ziingie kama mashahidi walioitwa kwa jambo fulani. Linganisha:

“Mshairi ametumia swali la balagha, ‘Nani ajua kilio’.”

“Mshairi anapouliza ‘Nani ajua kilio’, hatarajii jibu. Swali hili la balagha linamgeukia msomaji, ambaye mpaka hapo alikuwa akitazama tu, na kumfanya ajihisi kuwa mmoja wa wale wasiojua.”

Aya ya pili imetaja mbinu, imenukuu maneno machache tu, kisha imeeleza mbinu hiyo imefanya nini. Hicho cha tatu ndicho kinachosahaulika, hata kwenye uhuru wa mshairi, yaani ruhusa yake ya kukiuka kanuni za kawaida za lugha. “Mekauka” ni inkisari ya “limekauka”, na kazi yake ni kutimiza mizani nane. Sema hivyo, usiishie kwenye jina. “Ndoo kichwani anayo” imepinda mpangilio wa kawaida, “ana ndoo kichwani”, ili ukwapi uishie kwa “o”, lakini pia ndoo imetangulia mbele ya macho yetu kabla ya mwenye kuibeba. Ukipata sababu mbili, andika zote mbili. Ukiona moja tu, moja yatosha. Usilazimishe maana isiyokuwepo.

Ukiombwa uandike ubeti kwa lugha ya nathari, hilo ni zoezi jingine. Eleza maana kwa sentensi za kawaida, bila kunukuu na bila kuchambua: Mama aliamka kabla ya alfajiri, akaenda bombani na ndoo yake, akakuta hakuna maji.

Je, shairi likiwa huru, yaani halina vina wala mizani, ufanyeje? Mwandishi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974, wapo waliokataa kuyaita mashairi. Mtihani ukikuletea la namna hiyo, usijaze ukurasa kwa kueleza linachokosa. Angalia mshairi amekata mstari wapi. Neno likiachwa peke yake kwenye mstari, lisome, nyamaza kidogo, kisha soma linalofuata. Andika ulichokisikia katika kimya hicho.