Pembe ileile kila mara: kunoa vyuma vya kukereza mbao kwa jigi

Mulombwa ni mti unaompenda mkerezaji. Ukishakauka vizuri hautanuki wala kusinyaa ovyo, na rangi yake ya kahawia yenye wekundu haidai vanishi nyingi. Lakini ukiukereza kwa bobari butu, yaani patasi yenye mfereji, nyuzi zinang'oka badala ya kukatika, uso unabaki na mashimo madogo, na fundi anatumia msasa muda mrefu kuliko aliotumia kukata. Katika karakana yetu ya mafunzo hapa Lubumbashi tunapokea mara kwa mara mafundi kutoka mitaa ya jiji ya Kenya, Katuba na Kampemba wanaolalamika kwamba mashine ya kukereza inatetema au inararua mbao. Kabla ya kugusa mashine tunaomba kuona bobari. Mara nyingi sana tatizo liko pale: chini ya makali pana nyuso nne au tano ndogondogo, kila moja na mwelekeo wake, kwa sababu kila siku chuma kilinolewa kwa pembe tofauti.

Hili si jambo la urembo. Mkerezaji anapokata, sehemu ya mteremko iliyo nyuma ya makali ndiyo inayoegemea mti na kumwongoza mkono. Mteremko ukiwa uso mmoja safi, bobari inatulia na kukata pale unapotaka. Ukiwa na nyuso nyingi, chuma kinayumba kutoka uso mmoja hadi mwingine, na hapo ndipo kinapojichimbia ghafla kwenye mbao na kuirusha kazi.

Wapo wazee wa kazi wanaonoa kwa mkono mtupu na kupata uso mmoja kila mara. Ninawaheshimu, na sina neno la kuwafundisha. Ila ustadi huo unachukua miaka, na kijana anayejifunza leo anaharibu vyuma vingi kabla ya kuufikia. Chuma kizuri cha kukereza ni ghali kwetu, kwa kuwa kinatoka mbali hadi kifike Kasumbalesa mpakani, na kila kosa la pembe linakila.

Tufanye hesabu kidogo ili uone kwa nini kunoa ni kazi ya kila saa. Chukua bakuli lenye upana wa sentimita 30, linalozunguka mara 1,000 kwa dakika. Ukingo wake unapita mbele ya makali yako karibu mita 940 kila dakika. Yaani kila dakika moja ya kukata, makali yanakwangua karibu kilomita nzima ya mti, tena mti mgumu wa miombo. Hakuna chuma kinachovumilia hilo mchana kutwa. Bakuli moja linaweza kudai unoe mara kadhaa, na mara ya mwisho ni kabla tu ya mpito wa kumalizia. Kama kila kunoa kunakuchukua dakika kumi za kutafuta pembe, utaahirisha. Kama kunachukua nusu dakika, utanoa bila kujivuta.

Hiyo ndiyo kazi ya jigi, kifaa kinachoshika chuma mbele ya jiwe la mashine ya kunolea. Jigi haifanyi makali kuwa makali zaidi kuliko mkono wa bingwa. Inachofanya ni kukirudisha chuma kwenye jiwe mahali palepale, kwa pembe ileile kama jana. Na pembe ikiwa ileile, jiwe linaondoa unyoya tu wa chuma kilichochoka, basi. Pembe ikibadilika hata digrii mbili tatu, itakubidi usage uso mzima upya ndipo ufike kwenye makali. Bobari nyingi zinaisha kwa kusagwa, si kwa kukata mbao.

Jigi zenyewe ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni kiegemeo kipana, kisahani cha chuma mbele ya jiwe ambacho unakiinamisha na kukikaza kwa bolti. Hicho kinatosha kwa vikwanguzi, patasi ya kukatia na bobari pana ya kuanzia. Ya pili ni ya bobari za bakuli na za miguu ya meza, zile ambazo mabawa yake, yaani pande mbili za makali, yamerudi nyuma. Hapa kuna mkono wa chuma unaotokea chini ya jiwe, na mwisho wake una kimfuko chenye umbo la V. Bobari inabanwa ndani ya kishikio chenye mguu mmoja. Ncha ya mguu inakaa ndani ya kimfuko, na bobari nzima inayumbishwa kushoto na kulia juu ya jiwe huku mguu ukizunguka mahali pamoja.

Vipimo vinavyotawala jigi hii ya pili ni vitatu, na ukivishika umeshika kila kitu: bobari inatokeza kiasi gani mbele ya kishikio, mguu umeinama kiasi gani, na kimfuko kiko umbali gani kutoka kwenye jiwe. Mguu ukiinama zaidi, mabawa yanarudi nyuma zaidi. Kimfuko kikisogezwa, pembe ya pua, yaani ncha ya mbele ya bobari, inabadilika. Kutokeza ndicho kipimo ambacho watu hukisahau, wakakaza bobari kwa kukadiria macho, kisha wakashangaa kwamba jigi "haifanyi kazi". Sisi tunatumia milimita 45 kwa bobari zote za bakuli. Tumepigilia kipande cha mbao kwenye ukingo wa meza, milimita 45 kutoka kwenye kizuizi. Unaegemeza kishikio kwenye mbao, unasukuma bobari mpaka ncha iguse kizuizi, unakaza. Hakuna kupima kwa rula kila mara.

Wengi hufikiri jigi lazima inunuliwe ng'ambo. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukutengenezea. Mkono ni bomba la mraba la milimita 25 linaloteleza ndani ya jingine la milimita 30, pamoja na bolti ya kukaza yenye mpini. Kimfuko ni vipande viwili vya chuma bapa vilivyochomelewa kwa umbo la V. Jambo moja usimwachie akisie: kimfuko lazima kikae sawasawa chini ya mstari wa katikati ya upana wa jiwe. Kikienda pembeni, bawa moja la bobari litakuwa refu kuliko lingine, na hutaweza kulirekebisha kwa kunoa zaidi. Kishikio nacho ni kipande cha bomba chenye skrubu ya kubana na mguu unaofungwa kwa bolti, na ncha ya mguu iwe imeviringwa ili izunguke bila kukwama.

Kuiweka jigi mara ya kwanza, paka mteremko wa bobari wino wa kalamu nene. Mashine ikiwa imezimwa, weka bobari juu ya jiwe na uzungushe jiwe kwa mkono mara moja. Tazama wino ulipofutika. Ukifutika karibu na makali tu, pembe ni butu mno. Ukifutika nyuma, ni kali mno. Sogeza mkono wa jigi mpaka wino ufutike kutoka nyuma hadi mbele. Kisha kata kipande cha plaiwudi kinachojaa nafasi kati ya kimfuko na uso wa jiwe, uandike juu yake jina la bobari. Kesho unakiweka, unasogeza mkono mpaka uguse, unakaza. Jiwe la kawaida linapungua kadiri linavyotumika, kwa hiyo alama iliyochorwa kwenye bomba itakudanganya baada ya miezi michache. Kipande cha plaiwudi kinapima kutoka kwenye uso wa jiwe lenyewe.

Kuhusu pembe, mwanafunzi aanze na hizi: bobari ya bakuli digrii 45 hadi 60, ukielekea 60 bakuli likiwa na kina, bobari ya miguu ya meza 30 hadi 40, bobari pana ya kuanzia 45, kikwanguzi 70 hadi 80.

Mashine ikishawaka, mkono ufanye kazi ndogo. Mfereji wa bobari utazame juu, uguse jiwe kwa wepesi, kisha uyumbishe polepole bawa hadi bawa. Wanafunzi wengi hukawia puani, au nyuma yake kidogo. Ukiitazama bobari kwa ubavu ukaona bonde kwenye mstari wa makali, ujue hapo ndipo ulipokawia. Mstari uwe umenyooka au umevimba kidogo. Cheche zikianza kupita juu ya makali na kuingia kwenye mfereji, umefika. Hakikisha kwa mwanga: makali butu yanaakisi mstari mweupe mwembamba, makali mazuri hayaonekani.

Sasa jiwe lenyewe. Mashine nyingi za bei nafuu huja na mawe ya kijivu, magumu, ya kusagia vyuma vya kawaida. Kwa vyuma vya kukereza tafuta jiwe la oksidi ya alumini, mara nyingi jeupe, la punje 80. Hili linavunjika punje kidogo kidogo na kutoa punje mpya kali, kwa hiyo halipashi chuma moto sana. Lisafishe uso kwa kifaa cha almasi kila linapoanza kung'aa au kuwa na mabonde. Jiwe lenye mabonde linaharibu kazi ya jigi yoyote, hata ya ghali.

Mwendo nao una maana. Kwa umeme wetu wa hezi 50, mota ya nguzo mbili za sumaku inazunguka karibu mara 2,850 hadi 2,950 kwa dakika, ya nguzo nne karibu 1,450. Ile ya polepole ni rafiki zaidi kwa mwanafunzi. Kwa vyovyote, soma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa jiwe: mwendo wa juu ulioandikwa pale lazima uzidi ule wa mota. Kabla ya kulifunga, ning'iniza jiwe kwenye kidole au kijiti na uligonge kwa mpini wa mbao. Likitoa mlio wa wazi, jiwe ni zima. Likitoa mlio uliokufa, lina ufa, usilifunge kabisa. Ukiwasha, simama kando kwa dakika moja kabla ya kuanza. Nafasi kati ya kiegemeo na jiwe isizidi milimita 3. Miwani ya kinga haina mjadala, hata kwa kunoa kwa sekunde kumi.

Chuma kinachonolewa kinaweza kuwa cha aina mbili, na ukinunua kilichokwisha tumika bila alama, cheche zitakuambia. Chuma cha kaboni kinatoa cheche nyingi za manjano na nyeupe zinazopasuka na kuchanua matawi. Chuma cha HSS, ambacho kinastahimili joto, kinatoa cheche chache za rangi ya machungwa iliyofifia zisizochanua. Cha kaboni kikigeuka bluu kwenye makali, ugumu wake umepotea hapo. Kichovye majini mara kwa mara kabla hakijafika huko. HSS haipotezi ugumu kwa bluu hiyo, na usiitumbukize kwenye maji baridi ikiwa moto sana, maana inaweza kupata nyufa ndogo. Iache ipoe yenyewe.

Hapa niseme wazi kuhusu tupa. Naona tupa kuukuu zilizosagwa zikawa patasi za kukereza, tena zikishikwa na vijana wadogo. Tupa ni ngumu lakini haina unyumbufu. Mti ukiikamata, inaweza kukatika karibu na kiegemeo na kipande kikaruka usoni. Kama huna pesa ya chuma cha dukani, afadhali resori (springi) ya gari iliyofuliwa na kupashwa moto vizuri na mhunzi anayejua kazi hiyo.

Siku hizi yanaulizwa pia magurudumu ya CBN, yaani chuma kilichopakwa punje za boroni na nitrojeni, kitu kilichoundwa mara ya kwanza na Robert Wentorf wa General Electric mwaka 1957. Hayapungui kipenyo kwa kiasi cha kuonekana na hayahitaji almasi ya kuyasafisha, kwa hiyo jigi ikishapimwa inabaki ilivyo. Kwa karakana inayokereza kila siku kwa HSS, ningeshauri kuweka akiba na kununua moja. Kwa karakana ambayo mashine hiyohiyo inanoa majembe, mapanga na vipande vya alumini vya jirani, hapana: vyuma laini vinaziba punje zake, na gurudumu hilo la ghali litakufa mapema.