Uzazi wa mpango na dini: ile meseji ya "zote zimeharamisha"

Ile meseji yenye mishale miwili ya kufowadiwa imerudi tena kwenye magrupu, eti dini zote zimeharamisha uzazi wa mpango na mke akishaanza sindano tu ujue atatoka nje ya ndoa.

Kuhusu dini, sio kweli kwamba zote zinasema kitu kimoja. Wakatoliki ndio wanakataa vidonge, sindano na kondomu, waraka wao wa 1968 uko wazi, lakini waraka huohuo unaruhusu wanandoa wenye sababu nzito kufuata siku za mzunguko wa hedhi. Waanglikana walishalegeza tangu 1930. Kwa Waislamu kuna hadithi sahihi kwamba masahaba walifanya azl, yaani kumwaga nje, Quran ikiwa inashuka na hawakukatazwa, ndo maana wanazuoni wengi wanaruhusu njia za muda mke na mume wakikubaliana, ila kufunga kizazi kabisa bila sababu ya kiafya wengi wanakataa. Muulize padri au shehe wako, au fungua mlango wa ndoa kwenye kitabu cha hadithi cha Bukhari usome mwenyewe.

Na hilo la tabia, homoni za sindano kazi yake kubwa ni kuzuia yai lisitoke, hamu inaweza kupungua au kupanda kwa baadhi ya wanawake lakini uaminifu hauchomwi begani jamani. Watu wanachanganya kwa sababu vidonge viliingia miaka ya 60, wakati ambao vijana wa Ulaya na Marekani walikuwa wanabadilisha mambo mengi kwa mpigo, basi lawama zote zikatupiwa kidonge. Ikikufikia hiyo meseji usiisambaze, ifute tu.