Mafiga yanaushinda mkaa, na bado tunanunua mkaa

Kila nikiendesha semina ya nishati huanza na swali: kati ya mama anayepikia kuni kwenye mafiga matatu na jirani yake mwenye jiko la bati na mkaa, nani anapoteza nishati zaidi? Karibu wote humtaja mwenye mafiga. Moshi unamponza.

Haya, tupige hesabu. Kilo ya kuni kavu ina megajuli 16 hivi za nishati. Kilo ya mkaa ina 30. Chukua kilo 100 za kuni uzipeleke kwenye tanuri la asili, lile la kupanga magogo na kuyafukia kwa majani na udongo. Mchomaji wa kawaida atatoa kilo 15 za mkaa, akiwa hodari 20. Tushike 15. Ziliingia megajuli 1,600, zimetoka 450. Jiko la bati nalo hufikisha sufuriani kama asilimia 20 ya joto, kwa hiyo maharage yanapata megajuli 90. Kuni zilezile zikiwashwa kwenye mafiga, hata tukiyapa asilimia 10 tu, sufuria inapata 160.

Zile 1,150 zilizopotelea porini zilikwenda wapi? Sehemu ilichemsha maji, na magogo yakiwa mabichi hasara inazidi. Mti mbichi unaweza kuwa nusu maji kwa uzito, na kila kilo ya maji hula megajuli 2.6 hivi hadi iwe mvuke; ndio ule moshi mzito mweupe wa mwanzo. Sehemu nyingine ilipaa ikiwa lami na gesi zinazoweza kuwaka. Mchomaji anaposubiri moshi uwe wa bluu, anasubiri mali imalize kuruka.

Basi kwa nini mjini tunaupenda mkaa? Kwa sababu hakuna anayenunua megajuli. Gunia la mkaa lina karibu mara mbili ya nishati ya kuni za uzito uleule, haliliwi na mchwa, na halijazi moshi kwenye chumba cha kupanga Manzese. Lori linalotoka Kilosa linajua hilo vizuri kuliko sisi wahandisi. Kwangu mimi nishati imepungua. Sokoni thamani imepanda. Hata umeme ni hivyo: mtambo wa Kinyerezi II hunasa joto la mashine za gesi na kulichemshia mvuke wa kuzungusha mashine nyingine, na bado sehemu kubwa ya nishati ya gesi huishia hewani. Halalamiki mtu, maana gesi haichaji simu.

Kinachonikera ni kwamba miaka yote tumeng'ang'ania jiko. Jiko banifu lenye udongo ndani, la asilimia 30, linazipandisha zile 90 hadi 135. Ni kazi nzuri, sibishi. Lakini acha jiko la bati vilevile, ubadilishe tanuri: lile la Casamance, lililotokea Senegal na lina bomba la moshi, likitoa kilo 25 badala ya 15, sufuria inapata 150. Ukiweka vyote viwili ni 225.

Tanuri hilo linataka bomba, magogo yanayolingana na kuni zilizokaa wiki kadhaa zikikauka. Kwa mchomaji, mti mara nyingi ni wa bure. Anacholipia ni jasho na siku zake, na ada ya shule haisubiri kuni zikauke. Niliwahi kumweleza mmoja kwamba kwa mkaa uleule angebakiza miti minne katika kila kumi. Akaniuliza, "Sasa mzee, hiyo minne iliyobaki imesimama, ananilipa nani?"

Nilirudi barabarani nikapita kizuizi cha ukaguzi, magunia yanahesabiwa. Ushuru hutozwa kwa mkaa uliotoka, si kwa miti iliyoingia tanurini.