Vijijini Ufaransa: Dhana Potofu Zinazowakosesha Watu Safari Nzuri

Ukiwasikiliza wengi waliofika Ufaransa, nchi hiyo huanzia na kuishia Paris. Wanapiga picha chini ya mnara, wanapita makumbusho mawili matatu, kisha wanarudi uwanja wa ndege. Nje ya jiji kuna mapango yenye michoro ya zaidi ya miaka 17,000, makanisa ya karne ya 12 na njia za miguu zinazokatiza katikati ya mashamba na zizi za watu. Kinachowazuia wengi kwenda huko ni maneno wanayoambiana, na mengi hayana ukweli. Mengine yana ukweli nusu, na hiyo nusu ndiyo inayowaponza.

"Lascaux utaonyeshwa bandia, usipoteze nauli"

Ni kweli, Lascaux ni pango la michoro ya kale, na pango lenyewe huruhusiwi kuingia. Ila anayeishia hapo hajajiuliza kwa nini lilifungwa, na jibu lake ni moja ya sababu nzuri za kwenda.

Tarehe 12 Septemba 1940 vijana wanne waliteremka kwenye shimo juu ya kilima karibu na mji mdogo wa Montignac, katika bonde la mto Vézère, kusini-magharibi mwa nchi. Walikuta kuta zimejaa mafahali, farasi na kulungu. Mmoja wa mafahali hao ana urefu wa zaidi ya mita 5. Pango likafunguliwa kwa umma mwaka 1948, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 watu zaidi ya elfu moja walikuwa wakiingia kwa siku. Kila mmoja aliingia na pumzi yake, joto lake na jasho lake. Kaboni dioksidi ya pumzi hizo ikabadilisha hewa ya pango, unyevu ukaongezeka, mwani wa kijani ukaota kwa msaada wa mwanga wa taa, na utando mweupe wa madini ukaanza kutanda juu ya rangi. Michoro iliyodumu maelfu ya miaka gizani ikaanza kuharibika ndani ya miaka 15 ya kutazamwa. Mwaka 1963 waziri wa utamaduni, André Malraux, akaamuru pango lifungwe.

Kwa hiyo nakala si ujanja wa kuwalia watalii fedha. Ya kwanza, Lascaux II, ilifunguliwa mwaka 1983 mita 200 hivi kutoka pango la asili. Wachoraji wake walifuata kila bonde na kila uvimbe wa jiwe, kwa sababu watu wa kale walitumia maumbo hayo hayo kumpa mnyama tumbo au bega. Lascaux IV, iliyofunguliwa mwishoni mwa 2016 chini ya kilima, inaonyesha sehemu kubwa zaidi ya pango. Mimi naihesabu kazi hiyo kuwa heshima: watu wamekubali kukosa kuona ili kitu kibaki.

Anayetaka kuona mkono wa mchoraji wa kale mwenyewe bado ana pa kwenda bonde hilo hilo. Pango la Font-de-Gaume, pale Les Eyzies, lina nyati wa rangi zaidi ya moja na linapokea watu wachache tu kwa siku. Rouffignac unaingizwa kwa treni ndogo ya umeme hadi ndani kabisa, ambako kuna michoro zaidi ya 150 ya mamothi, wale tembo wa kale wenye manyoya. Tiketi zina utaratibu wake na huisha mapema, kwa hiyo uliza kabla ya kufunga safari.

"Msitu ni wa wote, pita popote"

Hii inawaingiza watu matatani kuliko zote. Kiasi cha robo tatu ya misitu ya Ufaransa ni mali ya watu binafsi. Tangu sheria ya Februari 2023, kuingia kwenye ardhi ya shamba au msitu wa mtu, pale alama zinapoonyesha wazi kuwa ni mali binafsi, ni kosa linaloweza kukutoza faini ya hadi euro 750. Uyoga nao una mwenyewe: ni wa mwenye ardhi, hata kama hakuna uzio. Na usibebe kifaa cha kutafutia vyuma ardhini ukidhani utaokota sarafu ya Kirumi. Kukitumia kusaka vitu vya kale bila kibali cha serikali ni kinyume cha sheria.

Ukweli unaofurahisha ni kwamba huna sababu ya kukatiza shamba la mtu. Nchi ina zaidi ya kilomita 180,000 za njia za miguu zilizowekewa alama, na nyingine zinapita kwenye ardhi binafsi kwa makubaliano na wenyewe. Kazi hii ilianza mwaka 1947, kipande cha kwanza kikiwa karibu na Orléans, na hadi leo wanaopaka rangi na kufyeka vichaka ni watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu wa vijiji vya pale pale.

Kusoma alama ni kazi ya dakika chache. Mstari mweupe juu ya mwekundu ni njia ndefu, ile inayoitwa GR. Mstari wa njano peke yake ni mzunguko mfupi wa saa chache. Ukifika njia panda, tazama shina la mti, nguzo ya umeme au jiwe la kona: mistari yenye mshale chini yake inakuambia ukate upande gani, na msalaba wa rangi hizo hizo unakuambia kuwa huko siko. Ukitembea robo saa bila kuona alama yoyote, rudi hadi ile ya mwisho uliyoiona.

"Bila gari hufiki, na bila pesa nyingi hulali"

Gari linasaidia, sikatai, na Jumapili mabasi ya vijijini ni ya kutafuta kwa tochi. Lakini ziko njia ndefu zilizo jirani na reli. Treni inayotoka Clermont-Ferrand kwenda Nîmes inapanda milima ya Cévennes na kusimama Langogne na La Bastide-Puylaurent, miji midogo iliyopo kwenye GR 70. Hiyo ndiyo njia inayofuata safari ya mwaka 1878 ya mwandishi Robert Louis Stevenson, aliyetembea na punda wake Modestine. Unashuka kituoni, unafunga kamba za viatu, unaanza.

Malazi ya njiani ni nyumba za wapita njia: kitanda kwenye chumba cha pamoja, chakula cha jioni kwenye meza moja ndefu, kifungua kinywa, basi. Piga simu mapema. Msomaji wa Bukavu au Bujumbura ana faida kubwa hapo, kwa kuwa Kifaransa anacho tayari. Asiyekijua asikose salamu. Kumpita mtu njiani au kuingia duka la mikate bila kusema bonjour kunachukuliwa kama tunavyomchukulia mtu anayeingia uani kwa watu bila hodi.

"Kila mlango wa kale una tiketi"

Makasri mengi, ndiyo. Makanisa ya vijijini, hapana. Kwa sheria ya mwaka 1905 iliyotenganisha dini na serikali, makanisa ya parokia yaliyojengwa kabla ya hapo kwa kawaida ni mali ya kijiji. Ukikuta limefungwa, uliza kwenye ofisi ya meya. Mara nyingi ufunguo uko hapo au kwa jirani. Pale kijiji cha Conques, kwenye njia ya mahujaji ya GR 65, juu ya mlango wa kanisa kuna picha ya hukumu ya mwisho iliyochongwa mwanzoni mwa karne ya 12. Usikimbilie ndani. Tazama ukingo wa nje wa upinde: kuna vichwa vidogo vinavyochungulia, vidole vimeshika ukingo, kama watoto nyuma ya pazia.

"Historia yao haituhusu"

Nenda Chasselay, kaskazini mwa Lyon. Tarehe 19 na 20 Juni 1940, siku chache kabla ya Ufaransa kusimamisha vita na Ujerumani, kikosi cha 25 cha askari waliotoka Afrika Magharibi kilijaribu kuwazuia Wajerumani. Waliposalimu amri, weusi walitengwa na weupe, na hao weusi wakapigwa risasi. Makaburi yao, yaliyozinduliwa Novemba 1942, yana kuta na minara ya rangi ya udongo mwekundu kwa mtindo wa Sudani ya Kifaransa ya zamani, yaani Mali ya leo, katikati ya mashamba ya Kifaransa. Ndani wamelala wanajeshi 196. Mwafrika anayesema hakuna lake huko vijijini hajafika hapo.

"Ulaya hakuna hatari porini"

Hakuna simba, lakini kuna wawindaji. Msimu wao kwa kawaida ni kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari. Wanaposaka nguruwe mwitu kwa pamoja, sheria inawataka waweke mabango kando ya barabara na kuvaa vizibao vya rangi ya machungwa. Ukiona bango, badili njia, au vaa rangi kali na uongee kwa sauti. Kusini, wakati wa kiangazi, milima mingi hufungwa siku za upepo na ukame kwa hofu ya moto, na ramani ya hatari hubadilika kila siku.

Halafu kuna mbwa. Mbwa mwitu wa Ulaya walirudi Ufaransa wenyewe kutoka Italia mwaka 1992, ndiyo maana wafugaji wa Alps huweka mbwa wakubwa weupe wa ulinzi katikati ya kondoo, kama wanavyofanya wenzao wa Pyrenees. Mbwa huyo wa ulinzi hakuwindi. Anakuuliza wewe ni nani. Simama, usikimbie, usiinue fimbo, usimkazie macho. Ongea naye kwa upole hadi akunuse, kisha zunguka kundi kwa mbali, hata kama mzunguko huo utakuongezea nusu saa.